Boga Lenye Alama

Mahubiri ya ibada ya pili. Maandiko: Malaki 1:6-8, 2 Wafalme 4:38-41, 1 Samweli 2:12-17 na 3:11-14.

Ketini, wapendwa. Weka kidole kwenye Malaki, tutafika huko. Lakini leo nataka kuanzia nyuma ya nyumba yangu, kando ya tangi la maji, pale ambapo wengi wenu mmepita mkienda kumwona Mama Mchungaji, mkaona majani makubwa yametambaa hadi kwenye ua wa jirani. Hilo ndilo shamba langu. Usicheke. Ni kipande kidogo, ukirusha jiwe linavuka, lakini hapo Mungu amenifundisha jambo ambalo chuo cha Biblia hakikunifundisha.

Nalima maboga hapo. Malenge, kama tunavyosema sokoni.

Kukhu wangu, yaani nyanya yangu mzaa baba, huko Kimilili, alikuwa na sheria yake juu ya maboga. Yakiwa bado madogo, kama ngumi ya mtoto, alizunguka shambani asubuhi akitazama. Na hakutazama boga peke yake. Alitazama mmea mzima: ni upi ulitangulia kuzaa, ni upi majani yake hayana madoadoa ya manjano yale ya ugonjwa, ni upi ulivumilia wiki mbili za jua wakati mingine imelala chini. Akishachagua, alichukua mwiba akachora msalaba mdogo kwenye ganda la boga lile. Kile kidonda hupona, huota kovu, na boga likikua kovu nalo hukua. Ikifika siku ya kuvuna, msalaba umekuwa mkubwa kama kiganja cha mtu mzima. Boga hilo halikuguswa. Hata wageni waje. Hata mchungaji aje.

Wa rika langu mnaukumbuka mwaka wa 1984, ule wa mahindi ya manjano. Nilikuwa na miaka minane. Kuna jioni tulikula seveve tupu, majani ya maboga yaliyochemshwa na chumvi, bila ugali, na huko shambani lilikuwa limebaki boga moja tu. Lile la msalaba. Ganda lake lilikuwa bado laini, ukilibonyeza kwa ukucha linaingia. Ndugu yangu mdogo alilinyooshea kidole akaanza kulia. Kukhu naye alilia, nilimwona, alijifuta kwa leso. Lakini hakuinuka kulichuma.

Sasa mtu ataniuliza: Mchungaji, si angelichuma, mkala nyama yake, akaweka mbegu? Hapana. Boga changa mbegu zake ni ganda tupu, ndani hamna kitu. Na hata likikomaa, kikonyo kikikauka na ukucha ukigonga mwamba, bado unalichuma na kuliweka mahali pakavu mwezi mmoja au zaidi, ili mbegu ziendelee kunenepa humo ndani. Angelipasua jioni ile tungeshiba usiku mmoja na mwaka unaofuata tungepanda hewa. Alingoja. Wiki zake zilipotimia akalipasua mbele yetu, tukala mpaka matumbo yakauma, na mbegu akaziosha, akazianika kwenye ungo kivulini, akazichanganya na majivu na kuzitia kwenye kibuyu juu ya meko. Alitufundisha kupima: mbegu iliyokauka ukiikunja inavunjika, ile inayopinda bado ina maji.

Nimesimulia hayo mjue kwamba mimi si mgeni wa mambo haya. Nilifundishwa. Aliyefundishwa akikosa, kosa lake ni kubwa kuliko la yule ambaye hakujua. Sema amina, hata kama inauma.

Nilipotumwa hapa Kitale kuanzisha kazi hii, mama yangu alinifungia mbegu za Kukhu kwenye kipande cha gazeti. Mwaka wa kwanza, wapendwa! Nilichimba mashimo ya kina cha mkono mpaka kiwiko, nikajaza samadi, hatua tatu kutoka shimo hadi shimo, mbegu tatu kila shimo. Mnakumbuka yale maboga. Yale ya mbavumbavu, kijani yakiwa machanga, yakikomaa yanakuwa kahawia kama udongo wa kifuko. Ndani yana rangi ya chungwa iliyoiva, na ukiyapika yanakauka na kuvunjika ungaunga kama kiazi kitamu. Watu walisifu. Na mimi nilipenda kusifiwa, nisiwadanganye. La kwanza na kubwa kuliko yote nilimpa askofu alipokuja. Mawili mazuri yalienda kwa mzee wa kanisa aliyetupa kiwanja. Mengine yalipangwa hapa madhabahuni Jumapili ya mavuno, yakapigwa mnada. Mengine Mama Mchungaji aliuza, tukalipa karo. Yote yalienda mazima, na mbegu zake ndani.

Ikabaki nini? Vile vya mwisho. Vile vilivyozaliwa Oktoba mmea umechoka, kimoja kimeumwa na nzi kikaoza upande, kingine kidogo kama kikombe. Hivyo hakuna mgeni unayeweza kumpa. Tulivila wenyewe, na mbegu zake ndizo nilizoanika.

Mwaka wa pili maboga yakawa ya wastani. Nikasema ni mvua. Mwaka wa tatu yakawa madogo, yamechelewa, ndani yana maji kama supu. Nikasema ni udongo, nikaongeza samadi. Mwaka wa nne, nawaambia ukweli, nilitoka nje saa tisa usiku nikakemea. Nilizunguka shamba na mafuta, nikafunga kila pepo aliyetumwa dhidi ya mavuno yangu. Jirani aliwasha taa akidhani ni mwizi.

Kuna mama mmoja hapa kanisani, leo ameketi upande wa dirisha, sitamtaja maana ataniua. Huyu amelima tangu kabla ya Uhuru. Alikuja nyumbani kwa mambo mengine kabisa, akasimama shambani, akaniuliza swali moja tu. “Mchungaji, mbegu ulitoa wapi?”

Nikamweleza kwamba nilipanda zilizobaki.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, “Basi hujakosea, mwanangu. Kwa miaka mitatu umechagua boga dogo, la kuchelewa, na umelipata. Mungu amekujibu.”

Hebu fungua Malaki moja. Makuhani walikuwa wanaleta madhabahuni mnyama kipofu, mnyama kiwete, mnyama mgonjwa, na nabii anawauliza kama mkuu wa nchi angekubali zawadi ya namna hiyo. Miaka yote nilikuwa nahubiri andiko hili nikiwapiga ninyi nalo wakati wa sadaka. Mnakumbuka. Nilisema wewe unayeleta noti iliyochanika, wewe unayemletea Mungu shilingi iliyobaki baada ya nauli. Sikuwahi kuona kwamba kuna mahali pengine mtu anapeleka kiwete na kipofu: kwenye shimo la mbegu. Askofu nilimpa kizuri. Mnada nilipeleka kizuri. Shimo la kesho nikalipa kilema, halafu nikangoja lizae simba.

Na sisi watu wa Kitale tuna shida yetu zaidi. Hapa ndipo mahindi chotara ya Kenya yalipoanzia, kwenye kituo cha utafiti hapo mjini. Ile chotara ya kwanza, 611, ilitolewa mwaka wa 1964. Ni baraka, imelisha nchi hii, siipingi. Lakini wewe unajua chotara ilivyo: mwaka huu unavuna, mwaka ujao unarudi agroveti na pesa, kwa sababu ukipanda punje ulizovuna, watoto hawafanani na mama, kila mmoja anakuja na lake. Kwa hiyo tumekaa miaka sitini tukinunua mbegu kila Machi, na macho ya kuchagua yamelala. Tunajua kuvuna. Tunajua kuuza. Kuchagua mbegu tumewaachia wengine. Kwa mahindi sawa, pakiti ipo. Lakini kuna mbegu ambayo agroveti hawana. Hakuna pakiti ya mtoto wako yenye dawa ya rangi ya waridi, eti huyu akiharibika utanunua mwingine msimu ujao.

Ngoja, nisikimbie. Niko bado shambani.

Januari mwaka huu nilienda Kimilili. Kukhu alishalala, lakini senge wangu, dada ya baba, bado anapika kwenye moto wa kuni, na kibuyu bado kinaning'inia. Alinihesabia mbegu tisa mkononi. Tisa! Nikamwambia, “Senge, ongeza.” Akasema, “Ulipewa nyingi mara ya kwanza.” Sikujibu. Nilizitia ndani ya maji kama anavyofanya yeye, mbili zikaelea, hizo ni tupu. Saba zikazama. Mvua ya Machi ilipoanza nikapanda saba, zikaota sita.

Lakini sasa kulikuwa na jambo lingine. Jirani yangu analima batanati, yale maboga madogo yenye shingo, rangi ya chai ya maziwa. Yule mama wa dirishani alikuja tena akanionyesha kikonyo. Batanati ina kikonyo cha pembe tano, kinachopanuka pale kinaposhika tunda. Boga la Kukhu lina kikonyo kile kile. Akasema hawa ni ndugu, wakikaribiana nyuki watawaozesha. Mnakumbuka mwaka wa tatu kulikuwa na boga lenye mbavu chini na shingo juu, nyinyi mkasema ni muujiza? Haukuwa muujiza. Ilikuwa batanati ya jirani.

Sikiliza hapa vizuri, maana hapa ndipo Roho alinishika. Boga lina maua dume na maua jike kwenye mmea mmoja. Jike utalijua, lina kiboga kidogo chini yake, kama mama aliyekwisha kubeba mtoto. Dume limesimama kwenye kikonyo kirefu na chembamba, na ndani lina chavua, ule unga wa manjano. Ua hufunguka alfajiri, na likifika saa nne au saa tano asubuhi limefunga, na halifunguki tena maisha yake yote. Asubuhi moja tu. Nyuki atakayefika asubuhi hiyo na unga wa mahali alikotoka ndiye anayeamua baba wa mbegu ni nani.

Na hutajua! Hilo ndilo jambo. Boga likikua litafanana na mama yake kabisa, mbavu zile zile, utamu ule ule, utalila na kulisifu. Nyama ni ya mama. Ni mbegu tu zilizo ndani ndizo zimebeba habari za yule nyuki, na zitanyamaza mpaka uzipande. Unakuja kujua mwaka ujao.

Wazazi, mnanielewa? Mtoto ameketi kwenye kiti cha mbele, amevaa shati jeupe, anaimba kwaya. Ganda ni safi. Nauliza: alfajiri, ua linapofunguka, nani anafika kwanza? Wewe au simu? Mwambie jirani yako: alfajiri nani anafika kwanza?

Sasa twende 2 Wafalme 4. Kuna njaa Gilgali. Elisha ameketi na wana wa manabii, ameagiza chungu kikubwa kiwekwe motoni. Mtu mmoja anatoka kwenda kutafuta mboga. Msimlaumu upesi huyu ndugu, alikuwa mtumishi, aliamka akaenda, wengine walikuwa wameketi wakingoja chakula. Huko porini akaona mzabibu-mwitu unaotambaa, una matunda yanayofanana na yale aliyoyajua nyumbani. Akajaza nguo yake. Akarudi akayakatakata ndani ya chungu. Biblia inasema wazi kwamba hawakuyajua. Walipoonja wakapiga kelele kwamba kuna mauti chunguni.

Mauti iliingia chunguni kwa mkono wa mtu mwenye bidii. Hakuwa mlevi, hakuwa mchawi. Alikuwa mtumishi aliyekuwa na haraka, asiyeuliza mmea huu ni wa nani. Ukinisoma mimi hapo, umenisoma sawasawa.

Sasa nifike pale ambapo sikutaka kufika. Nimemwomba ruhusa anayehusika kabla ya kupanda madhabahu hii, na amenipa, kwa sharti nisimtaje jina.

Mwezi wa sita nilipigiwa simu kutoka shule ya bweni anakosoma kijana wangu wa kwanza. Alikuwa amepatikana na simu bwenini, njoo umchukue, wiki mbili nyumbani. Nilifunga kikao cha wazee nikapanda matatu nikiwa na hasira, nikiandaa mahubiri njiani. Nilikuwa na pointi tatu.

Langoni askari alinipa kitabu cha wageni. Jina la mgeni, nikaandika. Jina la mwanafunzi, nikaandika. Kidato, cha tatu. Mkondo.

Mkondo. Kalamu ikasimama. Shule ina mikondo minne, na mtoto wangu amekaa hapo miaka miwili na nusu, na mimi sikujua yuko mkondo gani. Yeye alikuwa amesimama hatua tano kutoka hapo na sanduku lake. Ilibidi nigeuke nimwulize. Na ilibidi ajibu, askari anasikia. “Kaskazini, Baba.”

Hakujibu kwa hasira. Ingekuwa afadhali. Alijibu kama mtu anayemsaidia mgeni.

Zile pointi tatu zilipotea zote. Tulikaa kwenye matatu karibu saa nzima bila neno. Tulipokaribia mjini nikajaribu, nikasema, “Sikusahau, ni kwamba tu mambo ni mengi.” Akatazama nje akasema, “Ungemwuliza Mama. Mama anajua.” Basi. Hakuongeza kitu.

Ijumaa iliyotangulia, wapendwa, tulikuwa na kesha hapa. Mnashuhudia. Niliwaombea vijana wa kwaya mmoja mmoja kwa jina, na mitihani yao, na shida zao za nyumbani. Ninyi mlisema Mchungaji ana moyo wa baba. Kweli ninao. Nilikuwa nimeugawa wote, mzima, na mbegu ndani. Saa nane usiku kile kilichobaki, kilichooza upande, nilikirudisha nyumbani, na nyumbani watu walikuwa wamelala.

Eli alikuwa kuhani. Tusome 1 Samweli 2 na macho mengine leo. Watu walikuja Shilo kutoka kila mahali, wakamwona ameketi kwenye kiti chake penye mwimo wa hekalu. Alimbariki Hana. Alimlea Samweli, mtoto wa mtu mwingine, akamfundisha kuitambua sauti ya Mungu. Hiyo ni kazi nzuri, imetupa nabii. Na wanawe wawili walikuwa hapo hapo, wanachota nyama kwenye vyungu vya watu kwa nguvu. Katika sura ya tatu Mungu anasema alijua na hakuwazuia. Mimi nilikuwa nimemzidi Eli. Eli angalau alijua.

Kijana alikuwa nyumbani wiki mbili, na wiki hizo ndizo maboga yalianza kutoa maua jike. Sikupanga. Ningesema nilipanga mngenisifu tena, na tumeona sifa zinanipeleka wapi. Ni kwamba nilihitaji mtu wa kunishikia tochi.

Kazi yenyewe ni hii, na ninyi wenye mashamba karibu na batanati mwandike. Jioni unatafuta machipukizi ya maua yatakayofunguka kesho. Utayajua, ncha yameanza kuwa na rangi ya chungwa lakini bado yamefumba. Unafunga mdomo wa jike kwa uzi, na wa madume mawili kutoka mmea mwingine, ili nyuki asiingie kabla yako. Tulitumia uzi wa sufu wa Mama, mwekundu. Alfajiri unachuma yale madume, unachana petali zake, unabaki na kile kijiti chenye unga. Unafungua jike taratibu, unapaka unga katikati, halafu unalifunga tena na kuacha alama kwenye kikonyo. Kama imeshika, siku chache baadaye kiboga kinainama na kuanza kuvimba. Kama haijashika, kinageuka manjano na kuanguka.

Jioni ya kwanza tulifunga maua mawili. Nililala saa sita, nilikuwa kwenye simu na mshirika mmoja. Saa kumi na mbili kasorobo nikasikia mlango unagongwa. “Baba, amka. Yanafunguka.”

Yeye ndiye aliyeniamsha.

Maua yale mawili yote yalianguka. La tatu likaanguka pia. Kijana akasema labda tunatumia unga kidogo, akaongeza dume la pili, akawa anapaka polepole kama mtu anayepaka dawa kwenye jicho. La nne likashika. La tano likashika. Hatukuzungumza juu ya simu ya bwenini mpaka siku ya nane, na hata hapo ni yeye aliyeanza, tumepiga magoti kwenye matope, amenipa mgongo. Aliyoyasema hayamo kwenye ruhusa niliyopewa.

Siku moja kabla ya kurudi shule viboga vyake viwili vilikuwa vimefika ukubwa wa ngumi. Nikamwambia habari za Kukhu na mwiba, achore msalaba. Alichukua mwiba wa ndimu, akainama kwa muda mrefu, akachora, akaenda kufunga sanduku. Nilipoenda kutazama sikuona msalaba. Alikuwa amechora 3K. Kidato cha tatu, Kaskazini. Kwenye yote mawili.

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania au ananihukumu. Lakini kovu lilikua. Mlioingia nyuma ya nyumba mwezi wa nane mlisoma mkauliza ni namba ya nini. Mlikuwa mnasoma hukumu ya mchungaji wenu, imeandikwa kubwa kama kiganja, inaongezeka kila wiki.

Msije mkadhani nimeleta ushuhuda wa kufunga na utepe. Kijana hajarudi mbele za Bwana. Likizo ya Agosti alikuja ibadani kwa sababu ni mtoto wa mchungaji, aliketi nyuma, aliondoka wakati wa maombi. Lakini jioni alienda kugonga ganda kwa ukucha. Jumapili mbili nimewaachia wazee ibada ya kwanza nikaenda siku ya kuwatembelea wanafunzi, na baadhi yenu mlinung'unika kwenye vikundi vya WhatsApp. Nilisoma. Mwalimu wake wa darasa namjua sasa, anafundisha Kemia. Na mtanivumilia, nitaenda tena.

Kuna mzazi hapa anafikiri: Mchungaji, mimi wangu ana miaka thelathini, mbegu ilishaota, ni shingo juu mbavu chini, nyuki alishapita. Au wewe uliyezaliwa kwenye nyumba ya namna hiyo, wewe ndiwe mbegu ya kile kilichobaki. Rudi Gilgali. Elisha hakumwaga chungu. Angeweza, mauti ilikuwa ndani, kila mtu ameonja. Hakumfukuza yule aliyeleta matunda ya porini, wala hatusomi popote kwamba alitajwa jina. Aliitisha unga. Kitu kilichokuwa jikoni siku zote. Akautupa ndani ya chungu kile kile, akaamuru watu wapakuliwe, wakala, kisiwe na kitu kibaya. Mungu anaponya chungu kikiwa bado motoni. Nimeambiwa mbegu tisa na nikapata mbili zenye alama. Nimeziona mbegu zilizokuwa zimekaa kwenye moshi miaka zikiota kwa siku saba.

Maboga yale mawili tumeyavuna. Yako chini ya meza chumbani kwa kijana, penye ukavu, hayajatimiza wiki zake. Tutayapasua akifunga shule, yeye ndiye atashika kisu. Na wazee, kwa kuwa mmeniuliza mara mbili: ndiyo, najua askofu anakuja Jumapili ijayo. Atapikiwa kuku na viazi.

Sasa, kabla hatujaomba, nataka wenye watoto shuleni mtoe simu. Ndiyo, leo naruhusu. Nawe unayesoma kijarida hiki nyumbani, weka chini uchukue yako. Kama mtoto wako yuko bweni, mwandikie mama yake, au baba yake, au yule anayejua. Kama yuko hapa umeketi naye, geuka umtazame. Ulizeni: mwalimu wako wa darasa ni nani? Rafiki yako anaitwa nani? Uko mkondo gani?

Nitangoja. Wanamuziki, msipige kinanda bado.